Wa Kwanza Kuikanyaga Sakafu

Kwa miaka arobaini na mitatu Kadiri bin Muhamadi alikuwa na hadithi moja tu, na mtaa mzima wa Waswahili pale Gisenyi ulikuwa umeihifadhi. Akishakaa barazani baada ya swala ya alasiri, akapewa kikombe chake cha kahawa, hadithi ilikuwa lazima itoke.

"Mutu wa kwanza kukanyaga roshani ya ile Nyumba Nyeusi ni mimi," angesema, na kidole kingeelekea ziwani. "Mudachi mwenyewe alisimama chini, anatazama. Mi niko juu."

Wazee wenzake waliitikia kwa adabu na kunywa kahawa yao. Hakuna aliyemuuliza kama ndivyo ilivyokuwa kweli. Aliyekuwa na haki ya kumuuliza alikuwa mmoja tu, dada yake Saidati, na Saidati hakuwa amezungumza naye zaidi ya salamu ya Idi tangu mwaka ule nyumba ilipokamilika. Walikaa mitaa miwili tofauti, mwendo wa kumaliza tende tatu, na waliweza kupitisha mwaka bila kutazamana usoni. Ndugu wakiamua kununiana, hata jiwe litachoka kabla yao.

Lakini nyumba yenyewe isifiwe kwanza, maana ilistahili kusifiwa hata na mwenye wivu. Mdachi mmoja tajiri aliijenga mwaka 1911 kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, kwa mawe meusi ya volkano yaliyochongwa moja moja yakapangwa mpaka wembe usipate pa kupita. Ilikuwa na orofa mbili, madirisha ya tao, na ngazi ya mbao za mvule ambayo watu wawili wanene wangeweza kupishana bila kuombana radhi. Upande wa ziwani, juu, palikuwa na roshani pana ambayo ungeweza kuchezea arusi mbili kwa wakati mmoja. Na sakafu ya roshani hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha yote. Ilikuwa ya chokaa na kokoto nyeusi, imepigwa kwa mikono siku na siku hadi ikawa ngumu na laini, nyeusi yenye kung'aa. Mvua ya Gisenyi, ambayo haimhurumii mtu, iliangukia pale ikateleza na kwenda zake.

Aliyeipiga sakafu hiyo alikuwa fundi Muhamadi, baba yao Kadiri na Saidati. Alikuja kutoka Tabora na msafara wa Wadachi akiwa hana mali nyingine ila ufundi alioupata kwa waashi wa pwani.

Vita vilipokuja Mdachi alikimbia. Askari walilala ndani na kuwasha moto kwenye kona ya roshani. Baada yao wakaja mbuzi, halafu mti ukaota katika ufa na kusukuma mizizi. Theluthi nzima ya sakafu ikafa. Miaka ikapita, watu wakawa wanaipita ile nyumba kama anavyopitwa mgonjwa asiye na wa kumuuguza.

Mwaka 1954 akaja Madamu Verlinden, mjane wa Kibelgiji kutoka Bukavu, akainunua, akasema ataifanya hoteli ambayo wageni watatoka Ulaya kuja kulala. Watu walicheka. Wakaacha kucheka walipomwona akipanda ngazi ya kamba kwa buti na sketi, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Hii nyumba haifi," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Hii iko na ugonjwa tu. Tutaiponyesha."

Na akaiponya, tumpe haki yake. Mbao za ngazi zilisuguliwa mpaka zikarudi rangi ya asali. Milango iliyokuwa imeibwa aliitafuta nyumba hadi nyumba, na mmoja akaukuta ni meza ya mchinjaji. Akampa meza mpya, akauchukua mlango wake. Mabafu meupe yenye miguu ya simba yalipanda mlima kutoka Bukavu juu ya lori, yakapokewa na umati kana kwamba ni maharusi. Kila kitu kilichowezekana kubaki, kilibaki. Ila roshani, ambako alitaka wageni wanywe chai ya asubuhi wakitazama ziwa, ilimtia mashaka. Injinia wake, Bwana Pirard, alikuwa mtu wa saruji. Alitaka sakafu yote ivunjwe, ile nzima pamoja na ile mbovu, imwagwe saruji mpya kwa usawa mmoja.

"Nani alipiga hii?" Madamu aliuliza mjini. Vidole vyote vikamwonyesha Kadiri.

Kadiri alivaa kanzu safi akaenda. Alipoulizwa kama anaujua ufundi ule, alijibu kwamba anaujua wote, kuanzia shimo la chokaa hadi mng'aro wa mwisho, na kwamba amebaki peke yake duniani.

"Bon," alisema Madamu. "Utajenga ile kona iliyokufa. Ikishika, sakafu ya baba yako inabaki. Ikikataa, Bwana Pirard atavunja yote. Mi sitamuzuia tena."

Kadiri akakubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ila huyu aliyavulia nguo kabla ya kujua kina.

Kuchanganya alikujua, tusimsingizie. Aliiloweka chokaa mashimoni majuma mengi, akachekecha kokoto, akapima mchanga kwa kiganja. Kazi hiyo ndiyo aliyofanya mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka ishirini, kwenye shimo huko chini. Tatizo ni kwamba sakafu huzaliwa juu, kwenye kupigwa. Watu arobaini huketi safu mbili, kila mmoja na kipande, yaani kijiti chenye kichwa kipana, na hupiga tangu asubuhi hadi jioni kwa siku tatu, wakiongozwa na wimbo. Wimbo ndio kipimo. Ukienda mbio, sakafu inaharibika, ukikatika, inapasuka. Mwaka ule aliyeuongoza wimbo alikuwa Saidati, msichana wa miaka kumi na sita, sauti yake ikisikika hadi kwenye mitumbwi. Kadiri aliusikia kutoka shimoni, matope yakimfika magotini, na hakuwahi kuujua.

"Wimbo ni wimbo," alijiambia. Mtu wa kumtuma kwa Saidati alikuwepo, njia ilikuwepo, na miguu yake mwenyewe ilikuwepo. Hakwenda.

Akawaajiri wavuvi. Wavuvi wa Kivu hufunga mitumbwi mitatu pamoja, na wakiivuta kwa makasia huimba wimbo ambao ukiusikia kwa mbali nywele zinakusimama. Kiongozi wao, Phocas, alikuwa na kifua cha fahali. Alikuja na watu wake na wake zao, wakaketi safu mbili, wakashika vipande kama washikavyo makasia. Phocas akatoa sauti, wote wakaitika, na kwenye lile neno la mwisho wakashusha vipande arobaini kwa pigo moja. Nyumba nzima ikanguruma! Watu walisimama barabarani kutazama. Bwana Pirard alitoka chumbani na kalamu sikioni. Kadiri alitembea nyuma ya safu, mikono mgongoni, akijiona yeye ndiye baba yake.

Asubuhi iliyofuata roshani ilikuwa na mawimbi.

Wavuvi walikuwa wamefanya kile wanachokijua tangu utotoni: kuvuta pamoja kwa nguvu mpaka chombo kiende. Na chokaa nayo ikaenda. Kila pigo la pamoja liliisukuma mbele, ikajikusanya matuta, na pale ilipokutana na sakafu ya zamani ukafunguka ufa wa kuingiza kidole. Bwana Pirard alikuja kutazama. Alichukua chaki akachora msalaba mkubwa, halafu wa pili, na huo wa pili aliuchora juu ya sakafu nzima ya fundi Muhamadi.

Madamu alipiga magoti akauingiza kidole chake kwenye ufa. Alipoinuka, uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, na hilo lilimuuma Kadiri kuliko kama angetukanwa.

"Chokaa imebaki?"

"Imebaki ya mara moja, Madamu."

"Donc, basi ni mara moja. Watu wa nyundo wanakuja Jumatatu."

Ilikuwa Jumanne. Kadiri aliteremka ngazi ile ya mvule akiishika kila baada ya hatua mbili. Safari hii hakupitia barazani. Alikwenda moja kwa moja hadi ua wa Saidati.

Saidati alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele. Alimwona, akaendelea kuchambua.

"Hodi, dada."

"Karibu, yaya," alijibu, kama kaka mkubwa anavyoitwa huku. "Leo si Idi."

Kadiri alikaa ukingoni mwa mkeka. "Madamu iko anakutaka kule kwenye nyumba."

"Madamu amenijua wapi?"

 Kuku walipita, jirani akatwanga, na mzee mzima wa miaka sitini na mitatu akabaki akitazama vidole vyake vya miguu.

"Hakujui," alisema mwishoni. "Hakuna mutu anakujua, juu ya vile mi sikusema. Nilisema niko peke yangu. Dada, nimeiharibu. Jumatatu wanavunja sakafu ya baba. Yote."

Mikono ya Saidati ikasimama.

Sasa tuseme kilichotokea mwaka ule. Kulikuwa na desturi ambayo Muhamadi aliitoa kwa walimu wake na aliishika kuliko mshahara. Sakafu ikishakauka, wa kwanza kuikanyaga ni mwenye wimbo. Huoshwa miguu, hupanda peku, na hutembea polepole kutoka ukuta hadi ukuta, akisikiliza kwa visigino kama pana uwazi chini. Akifika mwisho akasema "imelala", kazi imekwisha. Siku hiyo Saidati alikuwa ametiwa hina. Watu wote wa mtaa walisimama bustanini, na Mdachi naye alikuwepo na wageni wake. Muhamadi alipoita, "Saidati, panda," Kadiri alimkimbilia msimamizi wa Mdachi, akanong'ona kwamba msichana kumtangulia bwana mkubwa juu ya nyumba yake ni aibu, afadhali apande mwanamume. Kisha akapanda yeye, na viatu vyake. Baba yao hakuweza kupinga mbele ya wale wakubwa. Kesho yake Mdachi alihamia, na hakuna mtu wa mtaa aliyeruhusiwa tena kufika juu. Saidati alirudi nyumbani na hina yake. Hakuwahi kuikanyaga sakafu aliyoiimbia kwa siku tatu.

"Unakumbuka nilikuwa na hina?" aliuliza sasa.

"Nakumbuka."

"Mi nilidhani umesahau. Kila siku unaisimulia ile hadithi, hina haimo."

 Saidati alikung'uta pumba kwenye ungo, akasimama huku akishika kiuno.

"Siji kwa ajili yako, yaya. Usijidanganye. Nakuja kwa ajili ya baba."

Alfajiri ya Jumatano alikuwa roshani, juu ya mbao alizozitandaza ili asiikanyage sakafu ya baba. Phocas na watu wake walikuwa wamekwisha kung'oa matuta yao, wamekaa kwa unyonge, wakingoja kufukuzwa. Saidati hakumfukuza mtu. Alimwomba Phocas aimbe wimbo wake wa ziwani, akausikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Wimbo ni muzuri sana. Lakini munakwenda wapi?" aliuliza. "Nyinyi mukivuta pamoja, mutumbwi unakwenda. Hapa hatuendi mahali. Hapa tunakaa. Piga kama mama anamulaza mutoto, na mwenzako apige wakati wewe umeinua."

Akaukata wimbo wao vipande viwili, nusu akawapa safu hii, nusu safu ile, na juu yake akaweka maneno ya zamani.

"Chokaa, lala."

"Nimelala," ikaitika safu ya kulia, na vipande vikashuka kidogo tu.

"Kokoto, lala."

"Nimelala," ikaitika ya kushoto, mara wale wa kwanza walipoinua.

Mwanzoni walikosana, wakagongana, mke mmoja wa mvuvi, Mukamusoni, akacheka mpaka akaangusha kipande. "Yewe, mama, mikono yangu imezoea samaki!" Lakini ilipofika saa nne, walikuwa hawakosei tena. Sauti ikawa nyepesi na haikukatika, mithili ya mvua inayoanza kwenye mgomba na kukataa kuacha. Saidati alikuwa na miaka hamsini na tisa, sauti yake ilikuwa imekwaruza, na bado ilifika ziwani. Madamu Verlinden aliagiza kiti, akaketi mlangoni, chai yake ikapoa mkononi. Hata Bwana Pirard alikuja, na mguu wake ukawa unapiga pamoja na safu ya kushoto bila yeye kujua.

Kadiri alikuwa chini, shimoni, akichanganya, matope yakimfika magotini. Siku ya tatu alipanda, akasimama pembeni akiwa na kijiti mkononi.

"Nipe nafasi, dada."

Saidati alimwonyesha kona ya mwisho bila kukatiza wimbo. Akaketi akapiga, na alipiga vibaya, akichelewa nusu ya pigo kila mara. Hakuna aliyemkosoa.

Ijumaa jioni walifunika sakafu kwa majani ya migomba yaliyoloweshwa. Jumatatu watu wa nyundo wakaja. Bwana Pirard alifunua kona, akagonga kwa nyundo ndogo, akagonga tena, akapitisha ukucha pale palipokuwa na ufa, asione pa kutenganisha kazi ya mwaka 1911 na kazi ya wiki ile. Akaomba ndoo, akamwaga maji. Maji yakateremka yote hadi kwenye mfereji, wala hakikubaki kidimbwi cha kumtosha ndege kunywa. Aliwaambia watu wa nyundo warudi nyumbani, kisha akapiga magoti na kuufuta msalaba wake wa chaki uliobaki kwa leso yake mwenyewe.

Sakafu ikaachwa ikomae chini ya majani, halafu ikasuguliwa kwa kokoto laini za ziwani na sabuni mpaka mtu akaweza kuona kivuli cha uso wake ndani. Muda wote huo hakuna aliyeikanyaga. Wasuguaji walifanya kazi juu ya mbao, kwa amri ya Saidati.

Siku ya kufungua hoteli ilikuwa Jumamosi asubuhi, anga safi. Wazungu walijaa ukumbini na kofia zao, na mbele yao bwana mkubwa wa wilaya na mkasi wa kukatia utepe. Watu wa mtaa na wavuvi walisimama bustanini, kwa sababu vyumba vile havikuwa vya watu kama wao, na kila mtu alilijua hilo bila kuandikiwa. Lakini hata kutoka bustanini ilikuwa nyumba ya kukufanya utembee wima: mawe yameoshwa, madirisha yanawaka, pazia nyeupe zinapumua.

Madamu alisimama kwenye mlango wa roshani. Alikuwa ameisadiki hadithi ya barazani, na alipenda jambo lifanyike sawasawa.

"Kadiri, panda," aliita. "Mji wote umeniambia. Mwaka 1911 wewe ulikanyaga hapa wa kwanza. Hata leo, kabla ya bwana mukubwa, kabla yangu mimi, utakanyaga wewe."

Ukumbi ukapiga makofi. Kadiri alipanda ngazi, kanzu yake imepigwa pasi, akafika mlangoni. Mbele yake sakafu ilikuwa imetandaa hadi kwenye ukingo, na ng'ambo yake ziwa. Alichokisimulia miaka yote kilikuwa kinakuja kwake mara ya pili, na safari hii kwa kuitwa. Aliinua mguu. Akaurudisha.

"Madamu, ile ya kwanza niliiba," alisema. Alisema kwa sauti, ili bustani isikie. "Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenye wimbo. Mi nilikuwa mutu wa shimo."

Akaegemea dirisha, akaita jina la dada yake.

 Saidati alitazama juu, mkono umezuia jua.

"Siwezi kupanda, yaya," alijibu. "Sijaosha miguu."

Kadiri alishuka. Alichukua birika la maji kutoka kwa mtumishi mmoja mwenye mavazi meupe, bila kuomba, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya Wabelgiji wote na mtaa wote, akamvua dada yake viatu, akamwagia maji miguu ile, wa kulia kisha wa kushoto. Maji mengine yakamwagikia kanzu. Saidati alimwacha amalize. Alikuwa analia na hakuficha.

Wakapanda pamoja, yeye mbele peku, Kadiri nyuma ameshika viatu vyake. Madamu akawasogeza wageni. Bwana mkubwa wa wilaya alitaka kusema neno, Madamu akamtazama, akaliacha.

Saidati akatoka peke yake kwenye mwanga. Alitembea polepole kutoka ukuta hadi ukuta, kisigino kwanza, akisikiliza. Katikati ya sakafu ya baba yake alisimama kwa muda mrefu. Kwenye kona ya mwisho alirudia hatua mara mbili.

"Hapa alipiga yaya Kadiri," alisema.

"Kuna uwazi?" Kadiri aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana. Imechelewa kidogo tu, lakini imefika." Akageukia ziwa, akavuta pumzi. "Imelala."

Wavuvi bustanini ndio walioanza kushangilia.

Jumatatu, baada ya alasiri, Kadiri alikuja barazani kama kawaida. Akapewa kahawa yake. Wazee walijipanga kusikiliza, nusu kwa adabu, nusu kwa uchokozi, wakitaka kuona atasimulia nini sasa. Alikunywa funda moja, akaelekeza kidole ziwani.

"Mutu wa kwanza kukanyaga roshani ya ile Nyumba Nyeusi," alisema, "ni dada yangu. Mi nilimushikia viatu."